Kamera ya Mkono wa Kushoto

Zuena aliharibu picha za wanawake kumi na tisa kwa mchana mmoja, na aliziharibu kwa wivu. Si kwamba hakujua kazi. Kazi aliijua vizuri kuliko watu wazima wengi. Ni wivu tu, na wivu haukumwacha hata kidogo mpaka madhara yalipokwisha kutokea.

Ilikuwa mjini Embu, miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipigana na wapiganaji wa msituni. Zuena alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba na mfupi. Baba yake, Hassan, alikuwa na bucha pale mtaa wa Majengo. Nyumba ya pili kutoka kwao aliishi kaka mkubwa wa baba yake, Mzee Idrisi, mpiga picha. Zuena alimwita Baba Mkubwa.

Kila asubuhi wakati wa likizo Zuena alipeleka mifupa ya supu kwa Baba Mkubwa, kisha akabaki huko kufanya kazi pamoja na Mwanamisi, binti wa mzee. Walifagia studio, wakachota maji ya kusuuzia picha, wakazianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Mwanamisi alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana na viganja vikubwa kama vya baba yake. Alibeba ndoo mbili kwa mara moja huku akiimba. Zuena alibeba moja na kumwaga nusu yake njiani.

"Zuena, unamwagilia barabara iote nini?" Mwanamisi alimtania. "Viazi?"

Majirani wakacheka. Zuena naye akacheka, lakini moyoni hakucheka. Alikuwa akihesabu. Mwanamisi ana viatu vya ngozi, mimi nina ndara. Mwanamisi ana kitanda chake, mimi nalala na wadogo zangu watatu. Mwanamisi baba yake ana studio, mimi baba yangu ananuka nyama. Hesabu hiyo aliifanya kila siku, na kila siku jibu lilikuwa lile lile.

Jambo jingine lililomuuma ni mkono. Zuena alikuwa wa mkono wa kushoto. Chuoni mwalimu wa Kurani alimchapa vidole mpaka akajifunza kuandika kwa kulia. Mezani mama yake alimkazia macho. Watoto wa mtaa walimwita Shoto. Kwa hiyo mbele ya watu alijitahidi kutumia kulia. Akiwa peke yake, kisu, sindano na ufunguo vilirudi kushoto vyenyewe.

Mwaka huo watu wa mitelemko ya juu, kuelekea Manyatta na msituni, walikuwa wameondolewa mashambani mwao na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki. Ndani ya handaki kulichomekwa mianzi iliyochongwa ncha. Daraja lilikuwa moja, na askari wa kijiji alililinda. Kutoka kulihitaji ruhusa. Katika kijiji kimoja huko juu mkubwa wa kijiji alitoa amri: mama yeyote anayetaka kushuka mjini, awe na pasi yenye picha. Mzee Idrisi ndiye aliyeitwa kupiga picha hizo.

Mzee alikuwa na kamera yake ya zamani ya mbao, inayosimama kwa miguu mitatu. Kwa picha za studio ilifaa. Kwa umati wa wanawake ilikuwa polepole mno. Tena wale mama walitakiwa wavue vitambaa vya kichwa ili masikio yaonekane, na wengi hawakupenda kukaa kichwa wazi mbele ya mwanamume mgeni.

"Nitawafundisha ninyi wawili," mzee aliwaambia wasichana. "Mama atavua kitambaa mbele ya mtoto wa kike bila neno. Lakini kila mmoja lazima awe na kamera inayomfaa."

Wakaenda dukani kwa Kasam, aliyekuwa akiuza vitu vya Wazungu waliokuwa wakirudi kwao. Kasam akaweka kamera tatu kwenye meza. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya macho mawili, moja juu ya jingine. Ilikuwa na kingo zinazong'aa kama kijiko kipya, na mkoba wa ngozi uliotoa harufu nzuri. Mpigaji huining'iniza tumboni na kutazama chini katika kioo kilicho juu yake. Ya pili ilikuwa ya kukunja, na mzee aliiacha mara moja kwa sababu kikunjo chake kilikuwa kimetoboka. Ya tatu ilikuwa ndogo, nyeusi, rangi imechubuka pembeni mpaka shaba ikaonekana. Hiyo hushikwa machoni.

Zuena aliitazama ile kubwa akasahau kuwa kulikuwa na nyingine.

"Baba, hii!" akasema Mwanamisi, naye akiielekea hiyo hiyo.

"Nyamazeni," akasema Mzee Idrisi. "Macho yanapenda kung'aa, na kung'aa hakupigi picha. Fumbeni macho. Kila mmoja ashike hii, halafu hii. Msiniambie ipi nzuri. Niambieni ipi inakaa."

Kasam akacheka. "Mzee, unanunua kamera au unanunua viatu?"

"Kiatu kikikubana utavua. Kamera ikikubana picha ndiyo inaumia, na huwezi kuivua tena."

Mwanamisi akafumba macho akashika ile kubwa. Kiganja chake kilienea chini yake, kidole gumba kikafika kwenye kitufe bila kutafuta. Mzee akamwamuru aishike hivyo hivyo mpaka atakapomaliza kuzungumza bei. Mzee na Kasam walibishana kwa muda mrefu sana. Mwanamisi hakutikisika. Alipopewa ndogo, vidole vyake vilirundikana vikaziba lenzi.

Ikafika zamu ya Zuena. Aliposhika ile kubwa, ukanda ulimshuka mpaka mapajani. Akaiinua. Kitufe kilikuwa upande wa kulia, na kidole chake cha kulia kilifika hapo kwa kunyooshwa kama mtu anayetafuta embe la juu. Mikono ilianza kumuuma kabla Kasam hajataja bei ya pili. Alikaza meno asionekane akitetemeka.

"Inakaa?" mzee akauliza.

"Inakaa vizuri sana, Baba Mkubwa."

Mzee akamtazama. Akamwekea ile ndogo mkononi. Ilitulia kiganjani mwake kama yai. Tena kitufe chake kilikuwa kushoto, kamera ya ajabu ya Kijerumani, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilijikuta kimekwisha kukaa juu yake.

"Na hii?"

"Hapana," akasema Zuena haraka. "Hii inaniumiza."

Mzee Idrisi hakubishana. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na safari hiyo uchache wa maneno ulikuwa kosa lake. Alinunua zote mbili. Kubwa akampa Mwanamisi. Ndogo akampa Zuena, akasema, "Hii ni yako. Tumia kushoto."

Zuena alipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, lakini masikio yalikuwa yakimwaka moto. Tumia kushoto! Mbele ya Kasam! Yaani hata Baba Mkubwa ananicheka kwa mkono wangu. Binti yake anapata inayong'aa, mimi mtoto wa mchinjaji napata ya kuchubuka, ya Shoto.

Tangu siku hiyo hakula vizuri. Mwanamisi alipoifuta kamera yake kwa kitambaa cha pamba, Zuena alitoka nje. Mwanamisi alipomwambia, "Njoo uone, ndani ya kioo watu wanageuka, wa kulia anakuwa kushoto," Zuena alijibu, "Nimeona." Hakuwa ameona.

Siku ya kazi walipanda gari la serikali mpaka kijijini. Daraja lilikuwa limeshushwa. Pale alisimama askari wa kijiji aitwaye Mbogo, kijana wa huko huko aliyependa mzaha kuliko bunduki yake.

"Mzee umeleta wapiga picha au umeleta wapiga mpira wa rede?" akauliza. Kisha akaona kamera ya Zuena. "Na haka? Haka ni ka kupiga kuku picha!"

Wanawake wakacheka. Mzee akatundika shuka nyeupe mbili kwenye kuta za nyumba mbili, akapanga mistari miwili, kila msichana na wake. Lakini mstari wa Zuena ulikuwa ukipungua bila kupigwa. Mama mmoja alihama, kisha mwingine, kisha watatu pamoja. Wote walitaka kamera kubwa. Waliamini kwamba serikali ingekataa picha ya kamera ndogo. Mwanamisi alifanya kazi bila haraka. Kamera ilitulia tumboni mwake kama imeota hapo, na kila mama alipomaliza alimpa mkono.

Zuena alisimama mbele ya shuka tupu. Mtoto mmoja mwenye kamasi alimkodolea macho.

"Wewe hupigi watu?" mtoto akauliza.

Hapo ndipo alipoamua.

Adhuhuri mkubwa wa kijiji alimwalika Mzee Idrisi chai. Mzee aliponyanyuka, Zuena alimfuata hatua chache, akajifanya anamuuliza kitu, akarudi.

"Mwanamisi, Baba Mkubwa amesema tubadilishane. Wewe umechoka. Nipe kubwa, wewe ushike hii."

"Baba amesema?" Mwanamisi akashangaa. "Mbona itakushinda?"

"Muulize mwenyewe, kama unaona nadanganya."

Mwanamisi alitazama nyumba ya mkubwa wa kijiji, ambamo mtoto hawezi kuingia tu na kumuuliza baba yake maswali mbele ya watu wazima. Akavua ukanda shingoni. "Haya. Ushike kwa chini, na uvute pumzi uizuie kabla ya kubonyeza."

Zuena hakusikia neno la mwisho. Ukanda wenye joto la shingo ya mwenzake ulikuwa umekwisha kuwa shingoni mwake. Mstari wote uliosalia ulikuwa mbele yake sasa, na Mwanamisi ndiye aliyesimama mbele ya shuka tupu. Zuena aliona raha. Kusema kweli, ilikuwa raha kubwa, na ilidumu kwa picha mbili.

Kuanzia ya tatu mikono ilianza kuuma. Kamera ilikuwa ikishuka mapajani, naye akiipandisha kwa goti. Katika kioo, mama akisogea huku alionekana akisogea kule, na Zuena akamfuata upande usiofaa. Kidole cha kulia kilipochoka aliupitisha mkono wa kushoto mbele ya kamera ukabonyeza kwa kupindana. Kila alipobonyeza, kamera iliruka kidogo. Aliuhisi mruko huo. Alijua maana yake. Akaita, "Anayefuata!"

Karibu na mwisho alikuja mama mmoja kijana, Wambeti. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni.

"Mtoto, piga mimi vizuri," akasema, akivua kitambaa. "Kijana yangu iko hospitali Embu. Ndwiga. Iliungua na uji, hapa, mguu yote. Mimi nilikaa na yeye siku tatu, askari akarudisha mimi. Nikipata hii pasi, nakwenda."

"Ana miaka mingapi?" Zuena akauliza.

"Mwaka moja na miezi. Bado ananyonya."

Wambeti alikaa wima kabisa, hakupepesa jicho. Zuena alibonyeza. Kamera ikaruka. Angeweza kusema, "Mama, ngoja, nirudie." Lakini Mwanamisi alikuwa akimtazama, na kurudia ni kukiri. "Anayefuata!"

Mzee alipotoka kwenye chai kazi ilikuwa imekwisha, na kila kamera imerudi kwa mwenyewe. Jioni hiyo hiyo milio ya risasi ilisikika kando ya msitu, na kulipokucha daraja la kijiji lilivutwa ndani. Mgeni haingii. Wa ndani hatoki, ila mwenye pasi.

Siku iliyofuata Mzee Idrisi aliosha filamu. Alitoka kwenye chumba cha giza akiwa na filamu mbili zinazochuruzika, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Nyuso zilikuwa ukungu mtupu. Nyingine zilikatwa kwenye paji la uso. Moja ilikuwa shuka na sikio.

"Mwanamisi," akaita. "Zile za asubuhi ni safi, karani wa pasi atazipokea. Hizi za mchana ni nini?"

"Si zangu, baba. Ni za Zuena. Alisema umeagiza tubadilishane."

Mzee akamgeukia Zuena. "Mimi niliagiza?"

Zuena alihisi ulimi umekuwa mzito. Lakini wivu una ulimi wake, na huo haukuwa mzito. "Mimi sikusema hivyo, Baba Mkubwa. Yeye alichoka na uzito, akanivika shingoni mwangu. Niliogopa kukataa."

"Mwongo!" Mwanamisi akalia. "Baba, wallahi anadanganya!"

Hapa lazima mjue tabia ya Mzee Idrisi. Mtu huyu alikuwa na hofu moja maishani mwake: kwamba siku moja watu wa Majengo watasema anampendelea mtoto wake kuliko mtoto wa ndugu yake. Kwa hofu hiyo kila mara alimpa Zuena kipande kikubwa cha mkate. Kwa hofu hiyo sasa, palipokuwa na neno la binti yake dhidi ya neno la binti wa ndugu yake, alimwamini wa ndugu.

"Leta kamera," akamwambia Mwanamisi. "Hutaishika tena. Utaosha vyombo vya dawa mpaka likizo iishe."

Mwanamisi alikabidhi kamera na kuingia ndani. Mlango alioufunga taratibu ulimuuma Zuena kuliko kama angeubamiza. Hata hivyo, njiani kurudi nyumbani, Zuena alijikuta akitembea kwa madaha. Sasa hakuna mwenye kamera kubwa. Sasa tuko sawa.

Raha hiyo nayo haikukaa. Ilipita zaidi ya wiki, Mzee akizungushwa na karani, akiambiwa kila mara kwamba kijiji kimefungwa na hakuna mpiga picha atakayeingia. Kisha Jumamosi moja Mbogo aliteremka mjini kuchukua nyama ya walinzi. Zuena alikuwa buchani, akimsaidia baba yake kufunga nyama kwenye magazeti.

"Ee, mpiga kuku!" Mbogo akamsalimu. "Zile picha zenu zimeleta balaa."

"Balaa gani?" Hassan akauliza, kisu kikisimama hewani.

"Wanawake kumi na tisa hawana pasi. Kuna mmoja, Wambeti, asubuhi na jioni yuko kwenye daraja. Namwambia, mama rudi, nitakupiga. Anasema, nipige basi, halafu nipeleke hospitali kama mgonjwa." Mbogo alijaribu kucheka, ikashindikana. "Maziwa yanamjaa kifuani, anayakamua chini mchangani. Mimi nalinda handaki, mzee. Lile sikuambiwa nilinde."

Zuena aliacha gazeti likining'inia. Nyama ikaanguka sakafuni.

"Zuena! Umelala?" baba yake akafoka.

Alikuwa amekwisha kutoka mbio. Alimkuta Baba Mkubwa akinoa wembe wa kukatia picha, na Mwanamisi akisugua sinia za dawa, vidole vyake vimekuwa vya kahawia. Zuena alisimama mlangoni akihema.

"Baba Mkubwa, nilidanganya. Mwanamisi hakuchoka. Mimi ndiye niliyemwambia umeagiza. Nilitaka ile kamera. Niliitaka tangu dukani. Na nilijua picha zinaharibika. Niliuhisi kila mruko."

Mwanamisi aliacha kusugua. Mzee aliweka wembe mezani. Kisha akasema, akimwelekea binti yake na si Zuena, "Mwanangu, nimekudhulumu. Nisamehe." Hapakuwa na mtoto pale Majengo aliyewahi kusikia mzee wa makamo yale akimwomba mtoto wake radhi. Zuena alitamani ardhi immeze.

Mzee akafungua kabati la kamera, akatoa ile kamera ndogo. "Fumba macho. Nyoosha mkono wa kushoto."

Akaiweka kiganjani. Kidole kikajikalia chenyewe juu ya kitufe.

"Inakaa?"

"Inakaa," Zuena akasema, machozi yakimtoka. "Hata dukani ilikaa."

"Najua. Nilikuwa nikikutazama tangu mwanzo wa likizo. Ukikata mkate ukidhani sikuoni, unakata kwa kushoto, na vipande vinatoka sawa kama vya mashine. Nikamwambia Kasam anitafutie kamera ya kitufe cha kushoto. Alihangaika nayo mpaka Nairobi. Ile kubwa ya Mwanamisi ndiyo niliyoikuta tu mezani."

Zuena alikuwa ameionea wivu kamera iliyookotwa mezani, huku mkononi ana ile iliyotafutwa kwa ajili yake.

"Kesho alfajiri tunapanda," mzee akasema. "Kuingia hatutaingia. Lakini sikusikia mtu akikataza kupiga picha kutoka ng'ambo."

Walikwenda wote watatu. Mbogo alikuwa zamu, akawaita wale wanawake kumi na tisa. Daraja lilikuwa limevutwa, ila gogo moja la kulishikilia lilibaki limetokeza juu ya handaki, na kando yake kigingi cha waya wa miba. Kamera ya mbao ya mzee ilijaribiwa kwanza, lakini palikuwa mbali kwa lenzi yake, na miguu yake mitatu haikuweza kusimama kwenye gogo.

"Ataenda aliyeharibu," mzee akasema.

Mwanamisi akavua leso yake, akaifunga kiunoni mwa Zuena, akashika ncha. "Nimekushika. Nenda."

Zuena akakanyaga gogo. Chini yake ncha za mianzi zilisimama kama meno. Mkono wake wa kulia ulilazimika kushika kigingi, maana bila hivyo angeanguka. Ulibaki mkono mmoja tu wa kushika kamera, kulenga na kubonyeza, na ulikuwa wa kushoto. Kwa ile kubwa asingeweza. Hata Mwanamisi asingeweza. Kamera ile ilihitaji mikono miwili ya mtu aliyesimama mahali tambarare.

Ng'ambo, Wambeti alisimama ukingoni, kitambaa mkononi. Mbogo aliinua shuka nyuma yake, bunduki ikiwa imebanwa kwapani.

"Ni yule mtoto?" Wambeti akauliza.

"Ndiyo, mama," Zuena akajibu. "Ni mimi. Siku ile nilikupiga vibaya na nilijua. Nisamehe."

Wambeti alikitupa kitambaa begani. Kisha akasema, "Piga kwanza."

Zuena alivuta pumzi, akaizuia. Kamera ndogo ilitulia shavuni kama sehemu ya mfupa wake. Akabonyeza. Haikuruka. Akabonyeza tena ili awe na hakika. Baada ya Wambeti wakaja wengine kumi na wanane, mmoja mmoja, na jua lilipokuwa limepanda juu ya miti Zuena alishuka kwenye gogo, mkono wa kulia umechanwa na miba, wa kushoto haujatetemeka.

Picha zilitoka safi. Karani alizipiga mihuri bila kuuliza zilipigwa na kamera kubwa au ndogo.

Siku Wambeti aliposhuka mjini, Mzee Idrisi aliwapeleka wasichana hospitalini na birika la supu kutoka kwa Hassan. Walisimama nje ya dirisha la wodi. Wambeti alipita katikati ya vitanda karibu kukimbia, akanyoosha mikono. Mtoto Ndwiga, mguu umefungwa bendeji mpaka kwenye paja, alimtazama yule mwanamke, akapiga yowe, akaficha uso wake katika aproni ya muuguzi.

Wambeti akakaa chini sakafuni kando ya kitanda. Hakulia. Alianza kumwimbia kwa Kiembu, sauti ya chini, na mkono wake mmoja ukingoni mwa godoro, ukisubiri.

"Atamkumbuka?" Zuena akanong'ona.

"Atamkumbuka," akasema Mzee Idrisi. "Lakini leo hamjui, na hilo ulione. Sikiliza, Zuena, na wewe Mwanamisi. Kifaa huchaguliwa na mkono utakaokibeba. Macho ya watu hayakibebi. Kinachomfaa mwenzako kinaweza kukuvunja wewe, na chako kikamvunja yeye. Mwenye wivu hatazami alichonacho, kwa hiyo hajui hata kama kinamfaa. Na ukikosea, sema siku ile ile. Uongo wako ulikaa siku tisa, na haukukaa kwako. Ulikaa kwa huyu mama." Akaushika mkono wa kushoto wa Zuena. "Mkono wa kulia ni wa kulia chakula, hiyo ni adabu yetu, ishike. Lakini hakuna mahali nilipofundishwa kwamba Mungu alikosea alipouumba wa kushoto."

Mwanamisi alimpa Zuena upande mmoja wa birika washike pamoja. Kamera kubwa ilirudi shingoni mwake jioni hiyo. Ndogo ilibaki kwa Zuena, na hakuna aliyemsikia tena akiiita ya kuchubuka.

Gharama yake ilikuwa hii. Filamu mbili zilizotupwa. Siku tisa Mwanamisi akisugua sinia za dawa kwa kosa lisilo lake. Wanawake kumi na tisa waliofungiwa ndani ya handaki. Maziwa ya Wambeti, yaliyokauka. Na mtoto mmoja aliyemkataa mama yake, akachukua siku nne nyingine kabla ya kukubali kubebwa naye.